Tangu nianze kujifunza gitaa, nyimbo nilizozipenda zimeanza kunichosha. Ni mimi tu au na ninyi?

Kamba Sita:
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Mimi ni mtoto wa Tabata, nimekulia kwenye Bongo Fleva tupu. Mwaka jana nikanunua gitaa kavu Kariakoo, nikaanza kufundishwa na jamaa mmoja anayepiga kwenye mabendi ya baa. Sasa kuna kitu kinanitatiza. Nyimbo nilizokuwa narudia kwenye simu mpaka chaji inaisha, leo nikizisikia najua zinaelekea wapi kabla hazijafika. Kodi nne, yaani mafungu manne ya noti zinazopigwa pamoja, zinazunguka toka mwanzo mpaka mwisho, basi. Halafu vile nilivyokuwa naviita muziki wa wazee, bendi za dansi kama Msondo, Sikinde, Maquis, vikipigwa baa naacha nyama inapoa nasikiliza rizimu, lile gitaa linaloshikilia mdundo. Sio solo, rizimu! Zamani hata nisingejua kama kuna mtu anapiga kitu hapo nyuma.

Swali: ukijifunza ala, masikio yanafunguka au yanaharibika? Na mlioanza zamani, hali hii inaishia wapi?

Mzee wa Nongwa:
Mkuu hiyo inaitwa miaka thelathini na tano. Gitaa unalisingizia tu.

Alto wa Segerea:
Shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Mimi nilikuwa mwanakwaya wa kawaida, sauti ya pili, nikafundishwa kinanda parokiani. Kabla ya hapo wimbo kwangu ulikuwa ni maneno na sauti ya kwanza. Nikilia kanisani, nalia kwa sababu ya maneno. Baada ya kuanza kusoma nota na kupiga sauti zote nne kwa mikono miwili, sikio likashuka chini lenyewe. Siku hizi nasikiliza sauti ya nne kwanza, na kama besi wanatembea vizuri hata maneno yakiwa ya kawaida nasisimka.

Hasara yake ni kwamba sivumilii tena mpapasa kinanda anayebonyeza mdundo wa kiwandani kisha anaweka vidole vitatu na kutulia. Zamani niliona huyo ndiye fundi.

Besi Mbagala:
Mimi nakuja na upande mwingine. Napiga besi kwenye bendi ya baa, na baa haitaki nyimbo zenu, inataka mkopi, yaani mpige nyimbo za wengine kama zilivyo. Wimbo ukiupiga kila wikendi, hata kama ulikuwa unaupenda kufa, unafika mahali ukiusikia kwenye daladala unatamani kushuka.

Kilichobaki kunifurahisha ni pale ambapo mpiga besi wa kwenye rekodi alifanya kitu ambacho mimi mpaka leo sikipati. Kamba Sita, hizo rizimu unazozipenda sasa, subiri ulipwe kuzipiga.

Kamba Sita:
Besi Mbagala umenitisha kidogo. Ila mimi silipwi na sidhani kama kuna siku nitalipwa, kwa hiyo niko salama.

Ngoja nieleze hiyo rizimu, maana nahisi watu wanadhani natafuta sifa. Mwalimu wangu alinipa kipande kimoja tu. Kidole gumba na cha shahada, nyuzi tatu za juu, kiganja kinagusa nyuzi kwa mbali karibu na daraja ili sauti isivume. Haanzii kwenye pigo la kwanza, analiacha wazi, anaingia nyuma yake. Unarudia hicho hicho mpaka mkono unakufa ganzi. Mimi nilichoka kabla wimbo haujafika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezea. Toka siku hiyo nikisikia mtu anashikilia kitu kama hicho dakika nane bila kutetereka, namheshimu kuliko anayepiga solo.

Fundi Spika:
Swali moja kwa mleta uzi. Zamani ulikuwa unasikilizia wapi, na sasa unasikilizia wapi?

Nauliza kwa sababu uzi mnene wa gitaa, ule wa E, ukiupiga wazi unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde. E ya besi ni 41. Spika ya simu ni ndogo mno, huko chini haifiki. Unachosikia ni sauti za juu zinazoambatana na hiyo, ubongo unajazia zilizobaki. Bongo Fleva imemiksiwa sauti ya mwimbaji ikiwa mbele kabisa, kwa hiyo hata kwenye simu hupotezi kikubwa. Lakini dansi la zamani lililorekodiwa Radio Tanzania, bendi nzima inapiga kwa pamoja, magitaa yamesukana, kwenye simu linakuwa uji. Kwenye spika za baa, au hedifoni, ndiyo unagundua kuna watu wanne wanaongea.

Mimi nasema gitaa halijabadilisha kitu. Umebadilisha spika.

Kamba Sita:
Fundi Spika duh. Hedifoni nilinunua mwezi uleule niliochukua gitaa, ili nisiwasumbue majirani nikifuatisha nyimbo. Hapo umenikamata.

Mzee wa Nongwa:
Kesi imefungwa. Moderata fungeni uzi.

Alto wa Segerea:
Haijafungwa. Mimi sina hedifoni na kanisani spika ni zilezile toka niko Shirika la Utoto Mtakatifu. Sikio langu limehama bila kubadilisha spika.

Darasa Huru:
Wadau, kuna maelezo ya kisaikolojia ambayo hayajaguswa. Mwaka 1968 Robert Zajonc alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu akionyeshwa kitu mara nyingi, hata kitu kisicho na maana kwake, anaanza kukipenda kwa sababu tu amekizoea. Alitumia maneno yasiyo na maana, alama zinazofanana na maandishi ya Kichina, na picha za sura za watu. Anayejifunza ala anarudia kipande kilekile mara nyingi kuliko msikilizaji yeyote. Mwalimu wa Kamba Sita angempa kipande cha reggae, leo tungekuwa na uzi wa reggae.

Kwa hiyo kinachobadilika ni orodha ya vitu ulivyolazimishwa kuvizoea.

Besi Mbagala:
Darasa Huru, kwa hesabu hiyo mimi ningekuwa ndiye mpenzi namba moja wa zile nyimbo tunazokopi. Nimezizoea kuliko watunzi wake. Mbona nazichukia?

Darasa Huru:
Mazoea yana kikomo mkuu, yakizidi yanageuka kuwa kero. Hilo nalo limeandikwa sana.

Besi Mbagala:
Sasa nadharia inayosema nitapenda, na nisipopenda pia iko sahihi, ni nadharia gani hiyo.

Mdundo Manzese:
Mnajadili kama vile kujifunza ala lazima umalizikie kwenye Sikinde ya 1964. Mimi ni prodyuza, nimejifunza kinanda ukubwani, na nilichoishia kukipenda zaidi ni singeli. Ndiyo, singeli, mapigo 200 na kitu kwa dakika, nyingine zinagonga 300.

Kabla sijajua kinanda niliiona kelele, kama mnavyoiona ninyi. Baada ya kujua, nikaanza kusikia kinachofanyika mle ndani: kipande kifupi cha taarab au cha mchiriku kinakatwa, kinaongezwa kasi, kinazungushwa, na kila mzunguko kuna kitu kimoja kinasogezwa. Jaribu kukitengeneza kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, uone kama ni rahisi. Na mchiriku wenyewe, wale Jagwa Music walioanza 1992, wametoa muziki kwenye vinanda vidogo vya Casio vya kuchezea watoto, vikapitishwa kwenye amplifaya mpaka vinalia. Mtu wa nota atacheka. Mtu anayejua kinanda kile kina uwezo kiasi gani atavua kofia.

Mzee Kondoa:
Vijana, marhaba kwa walionisalimia.

Mdundo Manzese, rekebisha hapo. Sikinde, yaani Mlimani Park, ni ya 1978. Ya 1964 ni NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Hao ni watani wa jadi, ukiwachanganya mbele ya watu wazima utanunua soda meza nzima.

Sasa kwenye hoja. Mimi sijawahi kushika gitaa maishani. Lakini nilikuwa naenda DDC Magomeni Kondoa, na wenzangu pale wengi walikuwa makuli, makarani, mama lishe. Hakuna aliyejua kodi. Na mpiga rizimu akiteleza, kina mama waliokuwa wanacheza wanageuka kumtazama jukwaani. Wanaendelea kucheza, lakini wamemtazama. Wameisikia na nini? Na miguu. Kwa hiyo sikubali kwamba lazima ujifunze ala ndiyo usikie rizimu. Ninyi mmekulia kwenye simu, mnasikiliza mkiwa mmekaa. Gitaa limekurudishieni kitu ambacho mchezaji dansi alikuwa nacho bure.

Mdundo Manzese:
Nimepokea mzee, 1978. Shikamoo.

Mzee Kondoa:
Marhaba. Na kingine, Kamba Sita. Unasema unasikiliza rizimu tu. Je, kisa umekisikia? Dansi la hapa ni kisa. Waimbaji kama Gurumo, Bitchuka, Marijani Rajab tuliyemwita Jabali la Muziki, hao walikuwa wanakuhadithia mambo ya ndoa, ya deni, ya mtoto aliyepotea. Chemko lilikuja baada ya kisa, ukicheza unajua unachezea nini. Mpiga gitaa asiyesikia maneno amepata nusu na amepoteza nusu.

Kamba Sita:
Mzee Kondoa, hilo limeniingia. Kweli kuna wimbo wa Mlimani Park naweza kuimba gitaa zote kwa mdomo, ila ukiniuliza unahusu nini nitakuambia kuna mwanamke.

Mzee wa Nongwa:
Zote zina mwanamke mkuu.

Msikilizaji Tu:
Naomba niwasemee wahanga. Mimi sipigi chochote, nimeolewa na mpapasa kinanda.

Harusi ya mdogo wangu, ukumbi wa Sinza, maharusi wanaingia, watu wamesimama, vigelegele, mama yangu analia. Mume wangu ananiinamia sikioni. Nikajua anataka kuniambia neno zuri. Ananiambia, "Kinanda kimepanda nusu toni kuliko gitaa." Nikamwambia piga makofi.

Hamjaongeza ladha ninyi, mmeongeza vitu vya kuwaudhi. Mtu ambaye zamani alifurahia nyimbo mia sasa anafurahia kumi, halafu anasema sikio limekua.

Besi Mbagala:
Shemeji, lakini kilikuwa kimepanda au hakijapanda?

Msikilizaji Tu:
Sijui na sitaki kujua!

Dada Udi:
Hahaha, shem nakuelewa ila na mumeo namwelewa.

Nilijifunza udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, huko Unguja, pale Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe. Chuo kile kipo toka 2002. Sasa udi hauna vituo kwenye shingo kama gitaa, kidole chako ndicho kinachoamua sauti iko wapi. Kwenye makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama bayati, hatua ya pili inakaa katikati ya funguo mbili za kinanda, haipo kwenye nyeusi wala nyeupe, ndiyo robo toni. Mpiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, anaipata kwa vile vikonyo vidogo vya chuma vilivyo pembeni ya nyuzi, anakiinua au kukilaza kabla ya kufika hapo. Nyuzi zenyewe zinazidi sabini na mkono hautazami.

Kabla ya hapo mimi ni mtoto wa rusha roho, taarab ya kisasa, kinanda na besi, mipasho usiku kucha. Sikuona kasoro yoyote. Baada ya udi, nikisikia kinanda kikipita kwenye bayati nahisi kama kuna jino limeng'oka. Nikaanza kutafuta rekodi za zamani za Ikhwani Safaa, kikundi cha toka 1905, na hata zile za Siti binti Saad alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Zina mikwaruzo, kila upande wa sahani ni kama dakika tatu tu. Miaka michache nyuma ungenilipa nisikilize.

Kwa hiyo Darasa Huru, mimi sikuzoezwa hizo nyimbo. Nilizitafuta mwenyewe kwa sababu kuna sauti niliikosa kwingine.

Mzee wa Nongwa:
Dada Udi, mpasho ukikupata barabara hauulizi robo toni.

Dada Udi:
Hapo sina ubishi. Na nikialikwa nakwenda, natunza, nacheza. Ila nikirudi nyumbani siuweki.

Mwana wa Ilimba:
Nasoma kimya kimya toka mwanzo, Dada Udi amenitoa.

Mimi kwetu Dodoma, naishi Kimara. Nilianza na gitaa, baadaye nikakutana Bagamoyo na mwalimu wa ilimba, ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma unavyobonyeza kwa vidole gumba. Wengi mnalijua jina la marehemu Hukwe Zawose aliyefariki 2003, ndiye aliyeutembeza muziki wa Kigogo duniani. Ilimba haityuniwi kama gitaa. Inafuata ngazi ya asili, zile sauti zinazotoka zenyewe uzi mmoja au bomba moja likitetemeka kwa sehemu. Gitaa limegawanywa sawasawa ili uweze kupiga ufunguo wowote, kwa hiyo kila kitu kimevutwa kidogo. Mi ya gitaa (ile ya do, re, mi) iko juu kuliko ya asili kwa karibu sehemu moja ya saba ya nusu toni. Na sauti ya saba ya ile ngazi, ambayo Wagogo wanaipenda sana, iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni.

Nilipokaa na ilimba muda mrefu, siku nimerudi kwenye gitaa nililotyuni kwa programu ya simu, kila kodi ikawa chachu. Gitaa lilelile! Wala halikuharibika. Kwa hiyo Kamba Sita, ala haikupi sikio kwa ujumla, inakupa sikio lake. Ukibadilisha ala utabadilika tena.

Fundi Spika:
Hili la Mwana wa Ilimba nimelikubali kuliko yote, na mimi ni mbishi. Ila bado nataka Kamba Sita afanye jaribio: chukua nyimbo zako za zamani, zisikilize kwenye hedifoni, si kwenye simu. Tuone kama bado zinakuchosha.

Darasa Huru:
Niongeze moja kabla jaribio halijaleta majibu. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Ujerumani, Haueisen na Knösche, waliwapima ubongo wapiga piano waliokuwa wametulia wakisikiliza tu muziki wa piano wanaoujua. Sehemu inayoendesha vidole iliamka bila wao kukusudia. Hata noti ya kidole gumba na ya kidole kidogo zilitofautiana mahali. Wasiopiga piano hawakuwa hivyo.

Hii haipingani na miguu ya Mzee Kondoa. Ni kitu kilekile, ila kimehamia mikononi.

Besi Mbagala:
Hii ndiyo ya kwanza kutoka kwako ninayoikubali. Kwenye mwendokasi nikisikia simu ya mtu inapiga wimbo, vidole vinacheza pajani. Aliyekaa pembeni anadhani nahesabu hela.

Mzee Kondoa:
Haipingani, sawa, lakini nayo haielezi kitu. Mbaraka Mwinshehe aliimba na kupiga solo kwa wakati mmoja. Vidole vyake vilikuwa kazini na kisa kilikuwa kinatoka. Kwa nini vijana wa sasa vidole vikiamka masikio ya maneno yanalala?

Mdundo Manzese:
Mzee, labda kwa sababu Mbaraka alitunga, hakukopi. Angeishi baada ya 1978 nadhani angetuonyesha mengi zaidi.

Mzee Kondoa:
Alifariki Januari 1979, ajali ya gari, Mombasa. Wewe una ugomvi gani na miaka?

Mdundo Manzese:
Hahaha mzee nisamehe, mimi naijua dakika na mapigo tu.

Alto wa Segerea:
Ila Mdundo kagusa kitu. Tukiwa tunafundishana wimbo mpya wa mtunzi wetu wenyewe, maneno nayasikia vizuri kabisa. Tukichukua wa kwaya nyingine, ninasikia nota tu. Sijui kwa nini.

Kamba Sita:
Nimerudi na majibu ya Fundi Spika. Jana usiku nimesikiliza nyimbo zangu za zamani kwenye hedifoni, taa imezimwa, bila gitaa mkononi.

Nyingi bado zimenichosha. Lakini kuna chache zimenishangaza, hasa za miaka ya mwanzo mwanzo. Mojawapo ina besi inayoshuka kila mwisho wa kiitikio ambayo sikuwahi kuisikia, na nyingine ina gitaa kavu linalopigwa chini chini sana nyuma ya mwimbaji, mtu kakaa mle anafanya kazi nzuri na hakuna anayemjua. Hizo nimezipenda upya. Na moja niliyokuwa naipenda kuliko zote, nimegundua niliipenda kwa sababu ya demu fulani wa Form Four. Hiyo haihusiani na spika wala vidole.

Mzee wa Nongwa:
Nilisema zote zina mwanamke.

Fundi Spika:
Nusu yangu, nusu yako. Napokea.

Msikilizaji Tu:
Nimemsomea mume wangu uzi huu. Amesema Mwana wa Ilimba ana hoja. Halafu ameuliza kama ilimba ina uzito gani na inauzwa wapi. Mmeniongezea balaa ndani.

Mwana wa Ilimba:
Shemeji inashikwa mikononi tu, haichukui nafasi. Ila muandalie masikio, ina vijidude vya kuvumisha, usiku inasikika.

Alto wa Segerea:
Dada Udi, kabla sijalala. Kinanda chetu cha parokia kina sehemu ya kubadilisha sauti ya ufunguo mmoja mmoja. Ndiyo hiyo robo toni?

Dada Udi:
Ndiyo hiyo, kama ni Yamaha tafuta palipoandikwa Scale Tune. Shusha E kwa 50, ukianzia D utapata bayati. Ila usiisahau hivyo Jumapili asubuhi, paroko atakuita ofisini.

Besi Mbagala:
Jumamosi tunapiga, mnaotaka kuona rizimu kwa macho njooni inbox niwaelekeze. Kamba Sita uje na gitaa, mpiga rizimu wetu anasafiri kwenda msibani.

Kamba Sita:
Mkuu usinitanie. Chemko siwezi, mkono utakufa ganzi.

Besi Mbagala:
Utakaa nje kwenye chemko. Utapiga mwanzo tu, kwenye kisa. Mzee Kondoa atafurahi.

Mzee wa Nongwa:
Nakuja kuomba singeli.

Besi Mbagala:
Omba. Utapigiwa kwa mwendo wa rumba.